HATA PETRO ALIBADILISHWA

Somo: Matendo 10:1–48, 11:1–18, Wagalatia 2:11–14
Mstari wa kukariri: Matendo 10:34–35

Je, mtu aliyeokoka na kujazwa Roho anaweza kuwa bado anaamini jambo lisilo sawa? Kabla hujajibu, mwangalie Petro.

Petro hakuwa mchanga katika wokovu. Alitembea na Yesu. Siku ya Pentekoste alihubiri na watu kama 3,000 wakaongezeka. Lakini moyoni alibaki na jambo alilolelewa nalo tangu utotoni: Myahudi haingii nyumbani kwa mtu wa Mataifa, wala hali naye. Ndimi za moto zilimshukia, na jambo hilo likabaki palepale.

Mimi pia nilikuwa na langu. Miaka mingi nimesimama madhabahuni nikihubiri kwamba katika Kristo hakuna kabila. Kisha binti yangu akaleta mchumba. Kijana ameokoka, ana kazi, anahudumu kwao kanisani. Nilipouliza jina la baba yake nikajua ni watu wa wapi, na moyo ukafunga. Nikamwambia binti yangu, "Tuombe kwanza." Wapendwa, sikuwa naenda kuomba. Nilikuwa nangoja jambo lipoe. Nilichoamini hasa ni kwamba wale ni ndugu zetu kanisani, lakini nyumbani, hapana. Baada ya yale tuliyoyaona kufuatia uchaguzi wa 2007, niliita hiyo hekima.

1. MUNGU HUANZA NA SWALI

Petro yuko Yafa, juu ya dari, saa sita mchana, na ana njaa. Anaona kitu kama shuka kubwa kikishuka kikiwa na wanyama wa kila aina. Anaambiwa achinje ale. Anakataa! Mara tatu jambo hilo linatokea, na maono yakiisha bado anashangaa maana yake ni nini (10:17).

Usione haya ukiwa mahali hapo. Petro hakubadilika papo hapo. Lakini wageni walipobisha mlangoni aliwakaribisha, wakalala. Kesho yake akafunga safari nao. Alitii hatua moja kabla ya kuelewa yote.

2. ROHO HUTHIBITISHA

Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia, Petro alikuwa bado anahubiri Roho Mtakatifu alipowashukia wote waliokuwa wakisikia. Wakanena kwa lugha na kumtukuza Mungu. Petro angesema nini tena? Aliona kwa wale alichokipokea yeye mwenyewe, akaagiza wabatizwe.

Angalia vizuri hapa. Petro hakufuata upepo wa nyakati. Imani yake kwa Yesu haikuguswa hata kidogo. Kilichobadilika ni ile sehemu ya moyo ambayo ilikuwa haijamfuata Yesu. Tena hakwenda peke yake. Alichukua ndugu sita wawe mashahidi (11:12). Mtu akikuambia Roho amembadilisha mawazo na hataki yeyote apime jambo hilo, hapo simama kwanza.

Kwangu ilikuwa hivi. Mwishowe tulienda kwao kijana. Baada ya chakula baba yake akasimama kuomba, akaomba kwa lugha ya kwao. Sikuelewa chochote isipokuwa jina la Yesu na jina la binti yangu. Alilitaja jina hilo mara nyingi, akilia. Nikajua nimekaa na mtu anayemlilia Mungu ninayemlilia mimi, kwa ajili ya mtoto wangu. Nilitubu nikiwa nimeketi pale pale.

3. UNAWEZA KURUDI NYUMA

Ningependa kuishia hapo, lakini Biblia haiishii hapo. Kule Antiokia Petro alikula na watu wa Mataifa mpaka ndugu fulani walipofika kutoka kwa Yakobo. Akajitenga, kwa kuwaogopa. Hata Barnaba akavutwa. Ikabidi Paulo amkemee mbele ya wote.

Nami nilikuwa na Antiokia yangu. Wazee wa ukoo walipoketi kuzungumzia mahari, baba yangu mdogo alisema watu wale hawaaminiki, kesho watatugeuka. Mimi, pasta, niliangalia kikombe changu cha chai. Sikusema neno. Usiku ule mke wangu akaniuliza, "Pasta, leo ulikuwa unamwogopa nani?"

Asubuhi nilirudi kwa mzee nikamwambia, kwa heshima, kwamba nilikosea kunyamaza, na kwamba yule kijana ni mwanangu. Hakufurahi. Hakuja harusini. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na bado namwombea.

Mpendwa, akili inaweza kubadilika kwa siku moja, lakini hofu ya watu hukawia kutoka. Petro yuleyule aliyejitenga Antiokia ndiye anayeonekana katika Matendo 15 akiwatetea watu wa Mataifa mbele ya baraza Yerusalemu. Kukemewa si mwisho wa huduma. Kukataa kukemewa ndiko kubaya.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni jambo gani unaloliita hekima, lakini ukilipima kwa Neno ni hofu?
2. Nani kabila lingine amewahi kula nyumbani kwako mwaka huu? Kama hakuna, kwa nini?
3. Petro alipolaumiwa Yerusalemu, alieleza mambo hatua kwa hatua (11:4). Wewe ukiulizwa na watu wako, hujibu namna gani?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa kutuokoa. Ingia hata kwenye vyumba vya moyo tulivyovifunga. Tupe kutii kabla ya kuelewa yote, na utupe ujasiri wa kusema mbele ya watu wetu kile tunachosema madhabahuni. Katika jina la Yesu, Amina.