SOMO: Kumlea mwingine mahali pa kazi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 35:30-35, Hesabu 27:18-23, Matendo 18:1-3 na 18:24-26

 

Mwezi wa Januari tulisafiri kuwatembelea washiriki wetu wanaofanya kazi Kasese na Bwera. Katika Bwera, kwenye barabara inayoshuka kuelekea mpaka wa Mpondwe, tuliwakuta mafundi cherehani wawili, wote watu wetu, wote wamekimbia upande wa Beni baada ya mauaji yaliyoanza mwaka 2014. Mmoja ni mama. Alikuwa amezungukwa na wasichana watatu, mmoja anakata, mmoja anashona, mwingine anapiga pasi. Wa pili ni baba, hodari kuliko yule mama, na wateja wenyewe wanasema hivyo. Alikuwa peke yake. Mbele yake palikuwa na rundo la vitambaa vya sare za shule, maana shule zilikaribia kufunguliwa, na tulipokuwa tumeketi naye aliwarudisha wazazi wawili kwa sababu hakuwa na nafasi.

Tulimwuliza, Baba, mbona huna kijana wa kukusaidia? Akatujibu bila kuficha: “Pasta, nikimfundisha leo, kesho ataweka cherehani yake pale mbele yangu.”

Tulitaka kumkemea, lakini tukanyamaza, kwa sababu tuliijua hofu hiyo tangu zamani.

Kabla ya kuingia shule ya Biblia tulijifunza useremala Butembo, katika atelie ya mzee mmoja mcha Mungu. Tulikaa kwake miaka miwili. Tulifagia maranda, tulibeba mbao, tulipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Lakini kila mara alipotaka kunoa msumeno alitutuma maji. Alipofika mahali pa kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, alitutuma misumari. Tuliondoka pale tukijua kupiga msasa vizuri sana! Miaka mingi baadaye tulielewa kwamba mzee yule hakuwa na roho mbaya. Katika njia ile moja palikuwa na atelie nne, wateja walikuwa wachache, na yeye mwenyewe alilelewa hivyo hivyo na fundi wake. Alitupa alichopewa.

Basi somo hili si la kuwalaumu mafundi. Ni la kuuliza: tufanyeje ili mwenye ujuzi aweze kufungua mkono wake bila kuogopa kwamba atalala njaa?

Mahali pa kazi kwetu ni wapi?

Vijana wengi bado wanangoja kampuni kubwa au shirika liwaite. Kasese inajua habari hiyo. Reli ilifika pale mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mji ukakua juu ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Baadaye kikaja kiwanda cha kobalti, nacho kikafunga. Na sisi makazini tumeona mwaka 2025: mwezi wa Mei Shirika la Chakula Duniani lilikosa fedha na kuwaondolea posho wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda. Mashirika mengi nayo yalipunguza wafanyakazi.

Kwa hiyo tunaposema mahali pa kazi hatusemi ofisi zenye viyoyozi. Tunasema baraza ya fundi cherehani, gereji, mahali pa kuchomea vyuma, saluni, jiko la mama muuza chapati, shamba la kahawa mlimani. Sheria inaturuhusu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010 zinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda anakotaka ndani ya nchi. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kukushika mkono.

Wakimbizi wawili wa Korintho

Akila na Prisila walikuwa watu waliofukuzwa. Matendo 18 inaeleza kwamba Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke Rumi, nao wakafika Korintho wakiwa na kazi yao ya mikono, kushona mahema. Paulo akaenda kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, akakaa nao, wakafanya kazi pamoja. Hawakungoja warudi Rumi kwanza ndipo wamkaribishe mtu katika kazi. Walimkaribisha wakiwa bado wageni.

Halafu soma mstari wa 24 na kuendelea. Apolo alikuja, mtu msomi na msemaji mwenye moto, lakini mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Akila na Prisila walimsikia akikosea mbele ya watu. Hawakusimama kumkatiza. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa utaratibu zaidi. Tunawaomba mafundi wetu waangalie jambo hili kwa makini. Kijana akikata kitambaa vibaya, mara ngapi tunampigia kelele mbele ya mteja? Mteja anacheka, kijana anaona haya, na kuanzia siku hiyo anaficha makosa yake chini ya meza. Kosa lililofichwa ndilo linaloharibu kazi, maana hakuna wa kulirekebisha. Ngoja mteja aondoke, kisha mwite kando, fungua mshono, mwonyeshe.

Katika Kutoka 35 tunaona jambo lingine ambalo tulilipita mara nyingi bila kuliona. Mungu alimjaza Bezaleli ujuzi wa dhahabu, wa mbao na wa kuchonga mawe. Kisha Maandiko yanaongeza kwamba alimtia pia moyo wa kufundisha, yeye pamoja na Oholiabu. Limetajwa peke yake, kama karama nyingine. Fundi hodari si lazima awe mwalimu mwema. Anayeweza kazi amesahau jinsi alivyokuwa haijui, mikono yake inakwenda yenyewe, na akiulizwa anasema, “Angalia tu.” Moyo wa kufundisha unaombwa kwa Mungu, na tena unajifunzwa.

Yule mama wa Bwera

Tulimwomba mama yule atueleze anavyofanya. Yeye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini tuliandika maneno yake kama wanafunzi.

Wiki za kwanza msichana hapewi kitambaa wala uzi. Anapewa karatasi za mifuko ya saruji zilizochorwa mistari, anakanyaga cherehani na kufuata mstari kwa sindano tupu, mpaka mguu na mkono visikilizane. Hapo hakuna hasara kwa mtu yeyote. Kisha wanakata pamoja kaptula ya mtoto kwa karatasi hiyo hiyo. Baadaye anakata mwenyewe na mama yuko pembeni. “Hapo ndipo pagumu,” alituambia, “kwa sababu mikono yangu inataka kumnyang'anya mkasi.” Anajizuia. Anamwacha amalize hata kama ni taratibu.

Akishaweza kaptula, kazi yake ya kwanza ni kumfundisha msichana mpya kukanyaga kwenye karatasi. Mama anasema hapo ndipo anapojua nani ameelewa, maana asiyeelewa hawezi kueleza.

Na mteja akija kuchukua nguo, mama hasemi “nimeshona.” Anasema, “Huyu ndiye aliyekushonea.” Tulikumbuka Hesabu 27, Musa alivyoambiwa amsimamishe Yoshua mbele ya mkutano wote na kumpa sehemu ya heshima yake. Yoshua alikuwa amemtumikia Musa tangu ujana, lakini watu walihitaji kuona kwa macho yao kwamba Musa anamwamini.

Tukamwuliza swali la yule baba: je, huogopi watakunyang'anya wateja? Akacheka. Akasema kabla msichana hajaanza, wanakaa pamoja na mzazi au mlezi wake na kupatana. Miezi tisa ya kujifunza. Miezi mitatu inayofuata anashona kwa mama na kulipwa kwa kila nguo. Akimaliza, akitaka kufungua mahali pake, anafungua upande mwingine wa mji, au Kasese, au makazini. Mama akipata tenda kubwa ya sare anawaita wote waliopita kwake wagawane. Peke yake asingeweza kuipokea. Msichana wa kwanza aliyemfundisha sasa ndiye anayemletea kazi za kudarizi kola, kwa sababu yeye mwenyewe hakuzijua.

Mlimani kwenye kahawa

Mpango kama huu si mgeni katika nchi hii ya Bukonzo. Kyarumba kuna ushirika wa kahawa uitwao Bukonzo Joint, wenye wanachama wengi wanawake. Katika miaka ya 2000 wanachama hao, pamoja na mtaalamu Linda Mayoux na wengine, walisaidia kujenga njia ya kujifunza iitwayo GALS. Haihitaji kujua kusoma. Mtu anachora katika daftari lake: chini, hali yake ya leo, juu, anakotaka kufika, katikati barabara, na pembeni vizuizi na nafasi zilizopo. Mume na mke wanachora wote, na hapo mambo mengi yanaonekana: nani anachuma, nani anabeba, nani anapokea fedha.

Lakini kilichotugusa sisi ni kwamba anayejifunza anatarajiwa kwenda kuwaonyesha wengine, ndugu na majirani, kila mmoja na daftari lake. Mkulima anamfundisha mkulima. Njia hiyo imevuka mipaka na kufika Rwanda na Nigeria. Kwa wale wanaopata vibarua vya kahawa mlimani, hii ni faida. Kuchuma tunda jekundu tu, kulimenya siku hiyo hiyo, kuianika kahawa juu ya chanja badala ya chini kwenye vumbi, hayo yote unaweza kuonyeshwa na mama wa jirani asubuhi moja. Na lugha si kizuizi kwa wengi wetu, maana Lukonzo na Kinande ni ndugu.

Makosa yetu wenyewe

Ni vyema kusema ukweli. Hata kanisani hatukufanya vizuri. Kwa miaka mingi hesabu zetu zilikuwa kichwani mwa ndugu mmoja mwaminifu. Alipopata safari ya kuhamia nchi ya mbali tulimwombea, tukaimba, tukalia, na Jumatatu yake tukafungua daftari lake na hakuna aliyeweza kulisoma. Hakuiba hata shilingi. Tatizo ni kwamba hatukumweka kijana pembeni yake hata siku moja. Sisi wakimbizi tunaweza kuondoka kwa taarifa ya wiki mbili, au kukimbia usiku mmoja. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengi waliokuwa tayari kuondoka wamebaki, na baadhi yao wamekaa tu wakihesabu siku. Baba, mama, kama wewe ni fundi na safari yako imekwama, mchukue mtoto mmoja wa jirani umfundishe wakati unangoja.

Kuna pia uovu ambao hatutaufunika. Wako wanaomwita kijana mwanafunzi, kumbe ni mtumishi wa nyumbani asiyelipwa, anateka maji na kufua miaka mitatu. Wako wanaowadhulumu wasichana. Ndiyo maana tunataka mapatano yawe na shahidi, kazi ifanyike mlango ukiwa wazi, na msichana asibaki peke yake na fundi usiku. Mzazi, pita pale mara kwa mara bila kutoa taarifa.

Jambo la mwisho ni la daftari. Wengi wetu vyeti viliungua au vilibaki nyuma. Kijana aandike kila kazi aliyoifanya na tarehe, na fundi atie sahihi. Sheria ya elimu ya ufundi ya Uganda ya mwaka 2008 ilitambua mafunzo yasiyo ya darasani, na aliyejifunza kwa fundi aliweza kupimwa kwa vitendo na kupata cheti. Sheria mpya ya 2025 imebadilisha bodi zinazopima, kwa hiyo ulizeni kwanza katika chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi kabla ya kumpa mtu yeyote fedha za mtihani.

Yule baba wa Bwera hajakubali bado. Alituomba tumwandikie mapatano kama ya yule mama, tukamwandikia kwa mkono, akayakunja na kuyaweka ndani ya droo ya cherehani.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

Nani alikufundisha kazi unayoifanya, na ni kitu gani alikuficha?

Ukiitwa kuondoka wiki ijayo, ni kazi gani itakayokwama kwa sababu unaijua wewe peke yako?

Kati ya vijana wa kikundi chenu, nani hana fundi? Na kati ya mafundi, nani ana nafasi ya mmoja? Andikeni majina hayo na kumletea mzee wa kanisa.