SOMO LA MWEZI: UPEPO, MAJI NA KIWANJA CHA NYUMBA



Somo letu la mwezi huu ni juu ya ujenzi wa nyumba, na hasa juu ya elimu ya Wachina iitwayo feng shui. Jina hili limekwisha kutufikia. Limo katika vitabu vya kupamba nyumba, limo katika simu za vijana wetu wanaojenga, na wako mafundi wanaolitaja wakati wa kuchora ramani. Swali ambalo wengi huuliza ni hili: Je, mambo haya ni elimu ya ujenzi, au ni kupiga ramli? Kwa maoni yangu ni yote mawili, nayo yamesokotwa pamoja kama nyuzi mbili katika kamba moja. Basi na tuifumue kamba hiyo polepole, tuone kila uzi ni wa nini.

MAANA NA ASILI YAKE

Katika Kichina, feng ni upepo na shui ni maji. Maneno hayo hutamkwa karibu na "fang shwei". Kitabu cha kale kinachotajwa sana katika elimu hii huitwa Kitabu cha Mazishi, na mapokeo husema kwamba mwandishi wake ni Guo Pu, mtu aliyeishi tangu mwaka 276 hata 324. Angalieni jina la kitabu hicho. Kinasema habari za makaburi, si za nyumba za walio hai. Wachina wa kale waliamini kwamba wazee wakizikwa mahali pema, wana na wajukuu hustawi. Wakizikwa pabaya, ukoo hudhoofika. Kanuni za namna hiyo zilitumiwa kwa kaburi, na kwa nyumba, kijiji na mji vilevile.

Fundisho lenyewe ni fupi. Ndani ya ardhi imo pumzi ya uhai, ambayo wao huiita qi (soma "chi"). Upepo ukiivumia, hutawanyika. Ikifika kwenye maji, husimama. Kwa hiyo mtu mwenye busara hutafuta mahali palipokingwa na upepo, tena penye maji karibu, ili pumzi ile itulie.

KIWANJA CHEMA

Mtu anayetaka kukiona kiwanja chema cha Wachina na awaze kiti kikubwa chenye mikono. Mgongoni pana mlima, nao huitwa kobe mweusi. Kushoto pana safu ya vilima iitwayo joka la kijani. Kulia pana safu nyingine, iliyo chini kidogo, iitwayo chui milia mweupe. Mbele ni uwanda ulio wazi, na mto unaopita kwa kujipindapinda. Kisha mbali kabisa kilima kidogo, ndege mwekundu. Nyumba huketi katikati, juu kidogo ya uwanda, ikitazama kusini.

Sasa fungueni atlasi, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa ualimu katika vipindi vya jiografia. China ya kaskazini, wakati wa baridi, hupigwa na upepo mkali sana utokao Siberia na Mongolia. Upepo huo huja kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Jua la majira hayo hupita chini, upande wa kusini wa anga. Mvua kubwa huja wakati wa joto, na mito hufurika. Je, nyumba iwekwe wapi? Mlima uwe nyuma, kaskazini, uzuie baridi. Mlango na madirisha yawe kusini, yapokee jua. Nyumba isikae kileleni, upepo utaichosha. Wala isikae bondeni kabisa, mto utaichukua. Mkulima asiyejua hata herufi moja angefika pale pale, akipewa miaka ya kutosha ya kutazama.

Mji wa kifalme wa Beijing, uliomalizika mwaka 1420, umejengwa kwa mpango huo. Pale mahali ni tambarare, hapakuwa na mlima wa kuegemea. Basi udongo uliochimbwa katika handaki la maji lililozunguka mji wa kifalme ulirundikwa upande wa kaskazini ukawa kilima, nacho kipo hata leo. Katika nyumba za kawaida za mji huo, zile zenye ua katikati, lango kuu mara nyingi huwekwa kwenye pembe ya kusini-mashariki, na mara mtu aingiapo hukuta ukuta mfupi mbele yake. Wao husema ukuta huo huzuia pepo wabaya, kwa kuwa pepo huenda moja kwa moja tu wala hawajui kukata kona. Lakini huzuia vumbi pia, na upepo, na macho ya wapita njia. Mama anayefua uani aijua faida ya ukuta huo bila kuhubiriwa habari za pepo.

Tena katika vijiji vya kale vya Hong Kong, nyuma ya nyumba, mlimani, hukutwa msitu mdogo ambao wenyeji waliuacha bila kuukata kwa karne nyingi, kwa sababu ya feng shui. Vilima vyote kandokando vilifyekwa kwa kuni, ila msitu ule ulibaki. Mizizi yake hushika udongo usiporomoke wakati wa mvua, na miti yake huvunja nguvu za tufani. Wataalamu wa mimea siku hizi huenda kutafuta humo miti ambayo imekuwa adimu mahali pengine. Sijui kama sheria ya serikali ingaliweza kuulinda vizuri zaidi.

USINAKILI BILA KUFIKIRI

Hapa nataka mtulie kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Kitabu kinasema nyumba itazame kusini. Kijana wetu anasoma, anamwambia fundi, na nyumba inageuzwa. Lakini kitabu kile kiliandikiwa watu wanaokaa kaskazini, mbali na ikweta. Sisi tuko wapi? Nairobi ni nyuzi 1 tu kusini ya ikweta, Dodoma ni nyuzi 6, na Dar es Salaam karibu nyuzi 7. Kwetu jua la adhuhuri la mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, na la mwezi wa Desemba liko kusini. Upepo wa Siberia hatuujui. Adui wa nyumba zetu, hasa katika nchi ya joto, ni jua la asubuhi na zaidi lile la alasiri, linalopiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi zielekee mashariki na magharibi; upenu uwe mpana; nako pwani madirisha yatazamane ili kusi na kaskazi zipite ndani. Huko Australia na Afrika Kusini, anayetaka jua la kipupwe hugeuza nyumba yake kaskazini, yaani kinyume kabisa cha Mchina.

Waalimu wa feng shui wenyewe hubishana juu ya jambo hili: wengine husema kanuni zigeuzwe kusini ya ikweta, wengine husema zisiguswe. Ubishi huo watufundisha jambo. Kanuni iliyotokana na jua haina budi kugeuka pamoja na jua, na mtoto wa darasa la sita aweza kuipima kwa kijiti na kivuli chake. Kanuni iliyotokana na joka, nani atakayeipima?

Anayenunua kiwanja na afanye hivi. Aende akakione wakati wa masika, si wakati wa kiangazi peke yake. Awaulize wazee maji yalipita wapi mwaka ule wa mafuriko makubwa. Atazame miti imeinamia upande gani, ajue upepo. Choo kiwe upande wa chini kuliko kisima, na umbali usipungue mita 30. Hiyo ndiyo feng shui ya kwetu, nayo haina ada.

UZI WA PILI

Sasa tuutazame uzi mwingine. Mtaalamu wa feng shui huja na dira yake, iitwayo luopan, sahani yenye sindano ya sumaku katikati na duara nyingi zilizoandikwa kandokando, na pande 24 badala ya nne. Lazima tuwape Wachina haki yao: dira ni mali yao. Mwandishi wao Shen Kuo, yapata mwaka 1088, alikwisha kueleza kwamba sindano haielekei kusini kamili bali hukengeuka kidogo, jambo ambalo Ulaya ililijua baadaye sana. Lakini mtaalamu huyu hapimi pande za dunia tu. Hutazama mwaka aliozaliwa mwenye nyumba, huchagua siku ya kuingia, hutundika vioo vya kufukuza mabaya, na huikwepa namba nne kwa kuwa katika Kichina inafanana kwa sauti na neno la kifo.

Hapo tumetoka katika ujenzi. Neno letu ramli latokana na Kiarabu, na maana yake ni mchanga, kwa kuwa mpiga ramli huchora alama zake mchangani. Njia ya Mchina ni nyingine, lakini haja ni ile ile: kuyajua yaliyofichwa na kuinunua bahati. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imesema wazi juu ya mambo ya namna hiyo, wala sina la kuongeza. Nitasema tu kama mwalimu kwamba biashara hii haina mtihani wa kushindwa. Mambo yakienda vema, mtaalamu husifiwa. Yakienda vibaya, hupatikana kioo kilichowekwa vibaya, na ada hulipwa tena.

Wala msidhani ni mambo ya washamba. Benki kubwa ya HSBC ilipojenga makao yake Hong Kong, jengo lililomalizika mwaka 1985, wataalamu wa feng shui waliombwa ushauri. Jirani yake, mnara wa Benki ya China uliofunguliwa mwaka 1990, una pembe kali, na watu wengi wa mji walinung'unika kwamba pembe hizo ni kama visu vilivyoelekezwa kwa majirani. China Bara nayo, chini ya serikali iliyoanza mwaka 1949, ilipiga vita mambo haya kama ushirikina, hasa katika Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976. Hayakufa.

HABARI YA FUZHOU

Nimeacha hadi sasa habari inayotuhusu zaidi sisi Waanglikana.

Katika mkoa wa Fujian, kusini-mashariki ya China, uko mji wa Fuzhou, na ndani ya mji wa kale vimo vilima vitatu. Kimoja huitwa Wushishan, yaani Mlima wa Mawe Meusi. Wamisionari wa CMS, chama kile kile kilichomtuma Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, walifika Fuzhou mwaka 1850, nao wakapata mahali pa kukaa juu ya kilima hicho, katika ardhi iliyopangishwa. Mwaka 1878, Padre John Wolfe akiwa kiongozi wao, walianza kujenga huko chuo cha kuwafundisha wahubiri wa Kichina.

Wenyeji walilalamika kwamba jengo la kigeni juu ya kilima kile linaharibu feng shui ya mji wote. Palikuwa na neno la mipaka pia: je, kiwanja cha chuo kilikuwamo katika ardhi waliyopangishwa, au walikuwa wamevuka? Jengo likaendelea. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kundi la watu lilipanda kilimani likaliharibu na kulichoma moto. Mwaka 1879 waangalizi wa hekalu la pale wakamshtaki Padre Wolfe mbele ya mahakama ya Waingereza. Mwisho wa yote misheni iliondoka kilimani, baada ya kukaa karibu miaka 30, ikahamia nje ya ukuta wa mji.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Fuzhou. Jengo haliwezi kuziba pumzi ya nchi, na Wolfe aliijua hiyo. Lakini wazeni: kilima kile kilikuwa cha mji. Watu walipanda huko kupunga upepo, mahekalu yao yalikuwa huko, kila mtu alikiona kutoka mlangoni kwake. Mgeni alipokigeuza sura, walisema kwa lugha waliyokuwa nayo, nayo ilikuwa lugha ya joka na pumzi. Ndani ya lugha hiyo mlikuwa na neno jingine, kwamba mahali hapa ni petu sote na hatukuulizwa. Wamisionari walilisikia la kwanza wakalikataa kwa haki. La pili, kwa kadiri ninavyoona mimi, hawakulisikia. Kampuni ya wageni ilipata mambo ya namna hiyo karibu na Shanghai. Ilijenga reli ya kwanza ya China, iliyofunguliwa mwaka 1876, baada ya kusema kwamba inatengeneza barabara tu. Serikali ya China iliinunua, na mwaka 1877 ikaing'oa.

Nasi hatujengi jangwani. Paa la mmoja humwaga maji katika ua wa mwenziwe, na ukuta mrefu humnyima jirani upepo wa jioni. Mara nyingi mzee anayesema "mahali hapo si pema kujenga" anakumbuka maji, au kaburi, au njia ya ng'ombe, ila halisemi kwa maneno ya mhandisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria hiyo ya ujenzi inamlinda nani?

2. Katika mtaa wenu, ni mahali gani wazee hukataza kujenga? Waulizeni sababu, kisha mwende mkapatazame siku ya mvua.

3. Kama ninyi mngekuwa baraza la kanisa la Fuzhou mwaka 1878, mngekwenda kuzungumza na nani kabla ya kuchimba msingi, nanyi mngesema nini?