Baada ya Kuwekewa Chuma: Unachotegemea Kinasaidia Kupona

Kijitabu hiki ni cha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa na ndugu wanaomuuguza, hapa Katandala, Sumbawanga mjini na Ufipa nzima.

Chuma kinafanya kazi gani?

Daktari huunyoosha mfupa uliovunjika, kisha huushikiza kwa chuma kinachopita ndani yake, kwa bamba lenye skrubu, au kwa kile cha nje ambacho wengi hukiita antena. Chuma hakiungi mfupa. Kinaushikilia tu ukae sawa, na mwili wenyewe ndio unaouunga.

Kutoelewa hilo kunaleta matatizo ya namna mbili. Anayedhani chuma kimemaliza kazi hutupa magongo mapema. Mfupa usipounga, chuma nacho huchoka, kikapinda au kukatika. Mwingine huamini mguu umeshaharibika, akabaki kitandani. Goti linakakamaa na paja linasinyaa, ingawa mfupa unaunga vizuri.

Mawazo ya mgonjwa yana uzito

Mwaka 2012, Jason Busse wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada na wenzake walitoa utafiti kuhusu wagonjwa waliovunjika muundi na kufanyiwa upasuaji. Wagonjwa waliulizwa katika wiki ya 6 jinsi wanavyoyaona maumivu yao na kama wanaamini watayamudu. Majibu yao yalisaidia kutabiri jinsi walivyoweza kutumia mguu baada ya mwaka 1.

Imani peke yake haiungi mfupa. Lakini anayetegemea kupona ana sababu ya kufanya mazoezi na kurudi kliniki.

Itachukua muda gani?

- Kifundo cha mkono: kwa kawaida wiki 6 hadi 8.
- Muundi au paja: mara nyingi miezi 3 hadi 6. Kama mfupa ulitoka nje ya ngozi, huweza kuzidi hapo.
- Nguvu za misuli hurudi baadaye zaidi.

Kwa hiyo aliyevunjika paja mwezi Septemba asijiahidi kushika jembe mvua za Novemba zikianza. Familia ipange mapema nani atalima.

Yanayosemwa mtaani

*"Baridi inaozesha chuma."* Si kweli. Wengi huhisi mguu ukiuma baridi ya Juni na Julai, lakini chuma cha hospitali kimetengenezwa kisipate kutu mwilini. Vaa nguo nzito, endelea na mazoezi.

*"Ukisikia maumivu, usisogeze."* Maumivu kiasi wakati wa mazoezi uliyoelekezwa ni ya kawaida. Yakizidi siku hadi siku, mwone daktari.

*"Chuma lazima kitolewe."* Si kwa kila mtu. Daktari ndiye ataamua.

Kwa ndugu

Msimwambie "wewe ni kilema sasa," wala "fulani alitembea wiki ya pili." Kila mfupa ulivunjika kivyake. Mpeni maharage, dagaa, mayai au maziwa pamoja na ugali wake. Kama anavuta sigara, msaidieni aache, kwani moshi huchelewesha mfupa kuunga. Mwacheni aoge na kuvaa mwenyewe kadiri anavyoweza.

Rudi hospitali haraka ukiona

- kidonda kinatoa usaha au harufu, au una homa;
- mguu umevimba na kuuma ghafla, au unapumua kwa shida;
- vidole vimekufa ganzi, vimepoa au vimebadilika rangi;
- mguu umepinda, au umesikia kitu kikikatika.

Kabla ya kupewa ruhusa, uliza:

1. Naruhusiwa kukanyagia mguu lini, na kwa uzito kiasi gani?
2. Nifanye mazoezi yapi nyumbani, mara ngapi kwa siku?
3. Nirudi lini kupiga eksirei?
4. Kazi yangu ni hii: nitaweza kuirudia lini?

Taja kazi yako waziwazi. Mwendesha bodaboda, mkulima na mwalimu hawarudi kazini siku moja. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, na ndugu mmoja awepo kuyasikia.