Kumfuata Rafiki wa Mtandaoni Ughaibuni: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kazi yangu ni kuhudumia wasafiri. Simu za usiku ninazopokea zinafanana: kijana wa watu amekwama ugenini kwa rafiki aliyemjua mtandaoni. Wengi wao ni watu wenye akili timamu. Walichokosa ni njia yao wenyewe ya kurudi. Sikukatazi kwenda; nakwambia namna ya kwenda.

KABLA HUJAONDOKA

Fanya

Lipa tiketi yako mwenyewe, ya kwenda na kurudi. Huna nauli, huna safari, subiri. Aliyelipa tiketi anaweza kuibadili tarehe au kuifuta ukiwa tayari kwake. Na hachelewi kudai fadhila: usiku wa pili tu utaambiwa, "Unajua nimetumia kiasi gani kwa ajili yako?"

Mpigie simu ya video bila miadi. Mwambie atoke nje akuonyeshe mtaa. Omba umsalimie dada yake. Kama kila siku kamera ni mbovu au mtandao ni mbaya, anayekuandikia siye huyo wa kwenye picha.

Omba visa inayolingana na safari yako. Ukienda Ufaransa kufikia kwa mtu, mwenyeji hutakiwa kuomba hati ya kukupokea kwenye ofisi ya meya wake. Anayekuandikia "nakupenda" kutwa mara kumi lakini hataki kufika kwa meya, amekujibu.

Achia nyumbani nakala ya pasipoti, tiketi, jina lake kamili, namba yake na anwani. Mwambie mtu mmoja ukweli wote. Kama unaona aibu kumwambia mama, mwambie shangazi. Aliyeaga kwamba anakwenda semina hatafutwi mahali alipo.

Usifanye

Usikubali urafiki ugeuke ajira. "Njoo Thailand tuonane, nimekutafutia na kazi ya huduma kwa wateja." Vijana wa Kenya na Uganda wameitikia maneno ya aina hii, wakapokewa Bangkok, wakapelekwa Mae Sot na kuvushwa mto hadi Myawaddy, Myanmar. Huko walifungiwa ndani na kulazimishwa kujifanya marafiki wa watu mtandaoni ili wawatapeli. Elewa maana yake: huyo anayekuandikia maneno matamu usiku huenda naye ni mfungwa, na anapigwa asipokupata.

Usibebe begi la mtu. Si zawadi ya mama yake, si kopo la maziwa, si viatu. Mwaka 2013 Padri John Wotherspoon, anayehudumia wafungwa Hong Kong, alianza kusambaza barua za Watanzania waliofungwa huko kwa dawa za kulevya, wakiwasihi wenzao nyumbani wasibebe. Singapore, zaidi ya gramu 15 za heroini ni kitanzi. Gramu 15 zinaingia kwenye soli ya kiatu. "Sikujua" ndilo neno la kwanza la kila anayekamatwa, na forodha wamelizoea.

UKISHAFIKA

Fanya

Lala hotelini siku za mwanzo, chumba kwa jina lako na kwa fedha yako. Onaneni mchana, mapokezi au mgahawani, uende kwa usafiri wako. Akinuna kwa sababu hukufikia kwake, vizuri, umemjua mapema.

Nunua laini yako ya simu uwanja wa ndege. Tuma nyumbani mahali ulipo kila jioni, na mpange swali la siri. Dada akiuliza "Mjomba amepona?", jibu "amepona" liwe salama; "bado anaumwa" liwe ishara ya kuita polisi. Msisitizie atake kusikia sauti yako, kwani aliyekushika anaweza kuandika kwa simu yako.

Weka kando fedha ya teksi na ya chumba cha usiku mmoja. Asijue ilipo.

Usifanye

Usimpe pasipoti "akutunzie". Hata Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu hunyang'anywa, sheria haimruhusu mwajiri kuishikilia, sembuse rafiki.

Usinywe kinywaji ulichokiacha mezani.

Usikubali kuhamishiwa mji mwingine ghafla, hasa wa mpakani.

Usidhani anakudai mwili wako kwa sababu alikununulia chakula. Kukubali kuonana hakujawahi kuwa kukubali kulala naye. Hilo nawaambia wanawake na wanaume.

Na kama uko huko sasa na mambo yamegeuka, usingoje kupambazuke wala usikusanye nguo. Chukua pasipoti na simu, toka, ingia penye watu. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uturuki piga 112, Uingereza na Dubai 999, Thailand 191, Afrika Kusini 10111. Kisha pigia ubalozi wako, halafu nyumbani. Hakuna atakayekuuliza ulimfuata nani, wanataka urudi.