Uraia, Ukaazi na Pensheni: Somo kwa Mstaafu Anayerudi kutoka Ughaibuni

Wako watu wengi waliozaliwa Tanzania au Kenya, wakafanya kazi Uingereza au Marekani kwa miaka ishirini au thelathini, kisha wakafikia umri wa kustaafu na kuamua kurudi. Aghalabu wameshajenga, au angalau msingi umeshasimama. Bei ya saruji wanaijua, gharama ya kontena wanaijua. Wasilolihesabu ni kwamba, machoni pa sheria, baadhi yao hawarudi nyumbani bali wanahamia nchi ya kigeni. Somo hili linahusu maamuzi ambayo ni mepesi kabla mtu hajaondoka huko aliko, na ambayo huwa magumu sana kuyatengua akishafika.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Uraia ni kifungo cha kisheria baina ya mtu na dola, na kwa kawaida hauishi kwa sababu tu mwenye nao amekaa mbali. Ukaazi ni jambo jingine: ni ruhusa ya kuishi mahali, au ni hali halisi ya kuishi hapo, na vyote viwili vyaweza kukoma. Pasipoti humwezesha mtu kuvuka mpaka. Lakini matibabu, kodi, na mara nyingi hata kiasi cha pensheni, hutazama zaidi mtu anaishi wapi kuliko anashika pasipoti ya rangi gani. Hapo ndipo wastaafu wengi hupotea njia, kwa kudhani kwamba wakishapata uraia wa pili wamemaliza kazi yote.

Tuanze na Tanzania, ambako jambo lenyewe ni zito zaidi.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, uraia wa Tanzania humtoka. Humtoka kwa nguvu ya sheria yenyewe. Halihitajiki tangazo wala barua ya kumwarifu. Kuendelea kuwa na pasipoti ya zamani ndani ya sanduku hakubadilishi kitu, na kuitumia hiyo pasipoti baada ya kuapa kwingine ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Kanuni hii ni moja Bara na Zanzibar, kwa kuwa uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano.

Matokeo yake huonekana kwanza katika kuingia na kukaa. Muuguzi mstaafu aliyezaliwa Moshi, mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake, atakapotua nchini ni mgeni. Akitaka kuishi hana budi kuomba kibali cha ukaazi, na kwa kuwa hakuja kuwekeza wala kuajiriwa, kundi linalomhusu kwa kawaida ni Daraja C. Kibali hicho kina muda wake na hulipiwa kila kinapohuishwa. Ni gharama ya kudumu ya uzeeni, nayo iingizwe katika bajeti pamoja na umeme na dawa.

Matokeo ya pili ni ardhi, na hapa tutakaa kidogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, lakini na huko asiye raia hana nafasi sawa na raia. Watu wengi waliochukua uraia wa nje wanalijua katazo hili, au wamelisikia, na dawa waliyoibuni ni kuandikisha kiwanja kwa jina la ndugu. Fedha hutoka London, hati hutoka kwa jina la mpwa.

Mpango huo huendelea vizuri muda wote ambao mpwa ni mzima, ni mwaminifu na hana madeni. Sheria, hata hivyo, haimwoni shangazi aliyetuma fedha, inamwona mpwa. Akiikopea nyumba, benki itaishika nyumba. Akioa na kisha kutalikiana, nyumba yaweza kuingia katika mgawanyo wa mali ya ndoa. Akifariki, warithi ni mjane wake na watoto wake, nao hawana haja ya kuwa watu wabaya ili wakatae kuitoa nyumba ambayo hati inasema ni ya baba yao. Shangazi naye hawezi kwenda mahakamani kwa moyo mkunjufu, maana atalazimika kueleza kwamba mpango wote ulikusudiwa kuikwepa sheria, na mahakama haziwasaidii kwa urahisi watu wenye hoja ya namna hiyo. Karatasi ya makubaliano ya kifamilia iliyotiwa saini sebuleni ina thamani ya heshima tu. Kwa maoni yetu, hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote anayoweza kuipata mstaafu, kwa sababu huangukia akiba ya maisha mazima katika umri ambao haiwezi kuchumwa tena.

Marekebisho ya karibuni ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yameleta hadhi maalumu kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania. Ni hatua ya maana, na mstaafu mwenye sifa afuatilie kuiomba kabla ya kununua chochote. Lakini asiichukulie kuwa ni uraia pacha kwa jina jingine. Mwenye hadhi hiyo hubaki kuwa raia wa nchi ya nje. Hapati kura, na haki alizo nazo, za ardhi zikiwemo, ni zile tu zilizotajwa katika sheria na kanuni zake. Haiji yenyewe kwa sababu mtu alizaliwa Tanga. Huombwa, hukubaliwa au hukataliwa, na cheti chake ndicho ushahidi.

Je, mtu hawezi kurudi katika uraia wake wa zamani? Aweza kuomba, lakini njia ya tajinisi inataka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Kisha hana budi kuukana uraia wa nje. Kwa mtu wa miaka 66 hesabu hiyo haihitaji maelezo. Anayefikiria kuukana uraia wa Uingereza ajue pia kwamba sheria ya nchi hiyo humpa aliyeukana ili apate au abaki na uraia mwingine haki ya kuurejea, lakini haki hiyo ni ya mara moja tu.

Aliyezaliwa raia wa Kenya ana njia nyepesi, almuradi aijue tarehe. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Aliyeapa Uingereza mwaka 2014, kwa hiyo, hakupoteza kitu. Aliyeapa mwaka 2003 aliupoteza kwa sheria ya wakati ule, na Katiba mpya haikumrudishia akiwa amelala. Ilimpa haki ya kuuomba tena na kuupata. Wengi wa kundi hili la pili huishi kama raia bila kuwa raia, na hugundua siku ya kuuza shamba.

Mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 kuutangaza ule uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Adhabu ya kutotangaza yaweza kufika faini ya shilingi milioni tano, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa upande wa ardhi tofauti ni kubwa: raia humiliki bila ukomo, ilhali asiye raia hupewa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mwenzi wa kigeni anayefuatana na mstaafu ana njia zake. Mojawapo ni kibali cha Daraja K, kwa mtu mwenye miaka 35 au zaidi na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka ambacho hakitokani na ajira nchini. Na mwenzi wa raia aweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa.

Sasa tugeukie nchi anayoiacha mstaafu, maana huko nako kuna mlango unaofungwa taratibu nyuma yake.

Wako wazee walioishi Uingereza miongo mizima kwa ruhusa ya ukaazi usio na ukomo, bila kuchukua uraia, wengine kwa ajili hiyo hasa ya kutopoteza uraia wa Tanzania. Uamuzi huo ni wa heshima na una mantiki yake. Lakini neno “usio na ukomo” lisimdanganye mtu. Kwa wengi wao ruhusa hiyo hukoma mwenye nayo akikaa nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo. Baada ya hapo, bibi anayetaka kurudi kuishi karibu na wajukuu zake huko Leicester ataomba viza ya mkaazi anayerejea, na atatakiwa kuonyesha mafungamano yake na nchi hiyo. Raia hakabiliwi na jambo hili. Kwa hiyo swali la kuchukua au kutochukua uraia si la moyo peke yake. Ni mizani yenye ardhi ya nyumbani upande mmoja na uhuru wa kurudi kwa watoto upande wa pili, na kila familia ina uzito wake.

Kuhusu pensheni ya serikali ya Uingereza, uraia hauna kauli. Aliyechangia miaka 10 anapata kiasi, na kwa kawaida miaka 35 humpa pensheni kamili ya mfumo mpya ulioanza Aprili 2016. Hulipwa popote duniani. Kisichoendelea popote ni nyongeza ya kila mwaka. Tanzania na Kenya hazimo katika nchi ambazo Uingereza ina mapatano nazo ya kupandisha pensheni, hivyo kiasi anachoondoka nacho mstaafu hubaki palepale. Mauritius imo, na Marekani imo, jambo linaloonyesha kwamba umbali si hoja.

Tuutazame mfano kwa tarakimu. Aliyeanza kupokea pensheni kamili ya mfumo mpya Aprili 2016 akiwa tayari anaishi Dar es Salaam alianza na pauni 155.65 kwa wiki. Mwenzake aliyebaki Birmingham alikuwa akipokea pauni 230.25 katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Yule wa Dar es Salaam bado anapokea 155.65. Tofauti ni pauni 74.60 kwa wiki, karibu pauni 3,879 kwa mwaka, na itaendelea kukua. Pasipoti ya Uingereza haimwokoi. Akirudi kuishi Uingereza moja kwa moja, pensheni hupandishwa kufikia kiwango cha wakati huo. Mstaafu anayepanga kuishi kwa pensheni hiyo peke yake afanye hesabu ya miaka ishirini, si ya mwezi wa kwanza, ambao kwa kubadilisha pauni kuwa shilingi huonekana wa neema.

Matibabu ya NHS nayo hufuata ukaazi halisi. Raia aliyehama na kurudi kwa matembezi aweza kutozwa kwa matibabu mengi ya hospitali kama mgeni mwingine. Bima ya huku itafutwe mapema, kwa kuwa baadhi ya kampuni huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na shinikizo la damu au kisukari cha zamani lazima kitajwe katika fomu hata kama wakala anasema si lazima. Kisipotajwa, dai litakataliwa siku ya haja.

Kwa waliotoka Marekani mambo yanageuka. Nchi hiyo humtaka raia wake atoe ritani ya kodi popote anapoishi, na akaunti zake za benki za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, azitolee taarifa. Pensheni yake ya hifadhi ya jamii humfuata pamoja na nyongeza. Asiye raia aweza kusimamishiwa malipo baada ya miezi sita kamili nje ya nchi, isipokuwa awe katika makundi yaliyosamehewa. Na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anayekaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea aihesabu kadi hiyo kuwa mashakani. Medicare, kwa kawaida, hailipii matibabu nje ya Marekani.

Kodi ya Tanzania ina kipimo chake cha ukaazi, kisichohusiana na kibali cha Uhamiaji wala na uraia. Mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwapo siku yoyote ya mwaka huhesabiwa mkaazi, na hali kadhalika aliyekaa siku 183. Pensheni ya nje, kodi ya nyumba aliyoiacha Reading, vyote hivyo apeleke kwa mshauri wa kodi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Limebaki la vishoka. Karibu na ofisi za vibali, na siku hizi zaidi katika simu, wapo wanaoahidi “kumaliza” uraia, hadhi au hati ndani ya wiki. Maombi yafanywe na mwombaji mwenyewe au wakili aliyesajiliwa, malipo ya Serikali yapitie namba ya kumbukumbu ya malipo na si namba ya simu ya mtu binafsi, na kila stakabadhi ihifadhiwe nakala mbili, moja ikae kwa mtoto aliye ng’ambo.