Dondoo muhimu: Goti likikukatizia msimu

Ukiteguka goti uwanjani Kenyatta, Machakos, usikubali kukandwa. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, inua mguu, kisha umwone daktari.

Kano ikiwa imekatika na umefanyiwa upasuaji, kazi kubwa ni paja. Keti kitandani mguu ukiwa umenyooka, kaza msuli hadi nyuma ya goti igandamize godoro, hesabu hadi tano, achia. Rudia kila siku, hata ukiwa huna hamu.

Usirudi mechini kabla ya miezi 9 baada ya upasuaji, kocha akusihi vipi. Beki Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 2020, hakuichezea tena Liverpool msimu ule. Siku za mazoezi ya timu, nenda ukaketi na wenzako. Kujifungia nyumbani huvunja moyo.