SOMO LA 14: NAFASI YA VALVU KATIKA PIKIPIKI KUUKUU

Huenda kijijini kwenu ipo pikipiki ya zamani iliyoegemezwa bandani. Kuku hulala juu yake. Mwenyewe anasema injini imekufa. Kabla hujakubali, soma somo hili. Injini nyingine hudhaniwa imekufa, kumbe valvu zake zimekosa nafasi.

Mfano wetu ni Honda CG125. Ilianza kuuzwa mwaka 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na mafuta ya injini huchelewa kubadilishwa. Pikipiki nyingi za bodaboda zitokazo China zimefuata mpango wa injini hiyo. Basi ukiielewa hii, umezielewa nyingi.

Juu ya silinda kuna milango miwili. Hiyo ndiyo valvu. Mmoja huingiza hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Wa pili hutoa moshi kwenda kwenye ekzosi. Kila valvu husukumwa na chuma kifupi kiitwacho roka. Kati ya roka na valvu lazima ibaki nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Katika CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Ni karibu unene wa ukurasa mmoja wa daftari lako.

Nafasi ikizidi, injini hugonga tek-tek-tek, na watu huogopa. Lakini injini iliyonyamaza yaweza kuwa na hatari zaidi. Valvu ya moshi ikifanya kazi miaka mingi huzama kidogo kidogo katika kiti chake. Nafasi hupungua, mwisho hukwisha. Hapo valvu haifungi sawasawa, na moto hupenya na kuunguza ukingo wake. Pikipiki hukosa nguvu mlimani, na ikishapata moto ni vigumu kuiwasha. Valvu iliyoungua haiponi kwa kurekebishwa. Itabidi ununue mpya, na bei yake si ndogo kwa mtu anayengoja mavuno.

Sasa tufanye kazi. Acha injini ilale usiku mzima ipoe. Futa vumbi lote kabla ya kufungua kifuniko cha juu, maana mchanga ukiingia humo utasaga vyuma. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha kushoto, kisha zungusha sumaku kwa spana, kinyume cha mwendo wa saa, mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye injini. Tikisa roka zote mbili. Zikicheza kidogo, uko mahali pake. Zikikaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi.

Hapa pikipiki iliyotelekezwa hudanganya. Valvu isiyo na nafasi haichezi hata ukiwa mahali sahihi. Kwa hiyo itazame valvu ya kuingiza. Ikishashuka na kupanda tena, T inayofuata ndiyo unayoitaka.

Chukua fila, yaani kile kipimo chenye vibati vyembamba. Legeza nati ya roka, pitisha kibati cha 0.08, halafu geuza skrubu mpaka kibati kivutike kwa ugumu kidogo. Ishike skrubu isizunguke, kaza nati, kisha pima tena. Usiruke hatua hii, kwa kuwa nati ikikazwa huisogeza skrubu. Fanya hivyo kwa valvu ya pili pia. Ukurasa wa daftari usiutumie kupimia, hubonyea.

Rudisha vifuniko na plagi, badilisha mafuta ya zamani, kisha kanyaga kiki polepole. Mguu wako usikie injini ikikataa. Ikiwa kiki bado inazama kwa ulaini, huenda valvu imekwisha kuungua au ringi za pistoni zimelika. Hapo mwite fundi.

MASWALI
1. Kwa nini tunapima injini ikiwa baridi?
2. Roka zote mbili hazichezi. Utajuaje kama uko mahali sahihi?
3. Jirani yako anafurahi kuwa injini yake ya zamani imeacha kugonga yenyewe. Utamwambia nini?